Bwana William Banting na Ratili Zake 46

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja maarufu wa zamani. Najua wengine wamekwisha kuandika habari za wafalme, za majemadari na za wapelelezi wa nchi. Mimi nimemchagua mtengeneza majeneza. Msicheke. Mtu huyo alinisaidia mimi, ingawa alikufa zamani sana kabla sijazaliwa.

Kwanza nieleze jinsi nilivyopata habari zake. Mimi ni mfanyabiashara wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Kazi yangu ni ya kukaa: nakaa dukani, nakaa ndani ya gari nikienda Kasese kuchukua mali, nakaa tena jioni na wenzangu. Mwili ukaongezeka kidogo kidogo, na watu wakanisifu kuwa nimefanikiwa. Hata ikafika siku alipofariki baba yangu mdogo, ndiye aliyenilipia karo katika shule hii hii kwa mshahara wake wa machimbo ya shaba ya Kilembe. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani, kwenye mashamba ya kahawa, mahali gari lisipofika. Siku ya mazishi nilianza kupanda pamoja na wengine. Nilikuwa na kilo 108. Nusu ya njia pumzi ikaniishia, nikaketi chini ya mkahawa, na vijana waliobeba jeneza wakanipita. Nilipofika juu, udongo ulikuwa umekwisha kufukiwa. Sikumtupia baba yangu hata konzi moja.

Wakati wa kushuka magoti yaliniuma hata nikageuka, nikashuka kinyumenyume, nimeshika bega la mtoto wa dada yangu. Kijana huyo, naye ni mwanafunzi, akanieleza pole pole kwamba amesoma habari za Mwingereza mmoja aliyekuwa akishuka ngazi vivyo hivyo. Basi ndipo nilipolisikia jina la Banting.

Bwana William Banting alizaliwa mwaka 1796, akaishi London. Jamaa yake walikuwa na duka katika mtaa wa St James's, wakitengeneza samani na kusimamia mazishi ya wakubwa. Kampuni yao ndiyo iliyosimamia mazishi ya Mfalme George wa Tatu mwaka 1820, ya Mfalme George wa Nne mwaka 1830, ya Jemadari Wellington mwaka 1852, na ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1861. Kwa hiyo alikuwa mtu wa heshima, mwenye mali na mwenye kazi ya kutaka utaratibu. Hakuwa mlevi wala mvivu wala mlafi. Lakini tangu alipokaribia umri wa miaka 30 na kitu, alianza kunenepa, na kila alilofanya kuuzuia unene halikufaa.

Tabibu mmoja alimshauri afanye mazoezi. Banting akatafuta mashua nzito, akawa anapiga makasia kila siku alfajiri kwa muda wa saa mbili. Mikono ikapata nguvu, lakini njaa nayo ikazidi, akala zaidi, akanenepa zaidi, hata akaambiwa aache. Akajaribu kupanda farasi. Akajaribu maji ya dawa ya chemchemi. Akaingia katika mabafu ya mvuke ya Kituruki mara hamsini hivi, akapungua ratili 6 tu. Akajinyima chakula, akapata udhaifu na majipu, na unene ukabaki pale pale.

Alipokaribia umri wa miaka 66 alikuwa na ratili 202, yaani kilo 92 hivi, na urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 5 tu. Hakuweza kuinama afunge kamba za viatu vyake. Kushuka ngazi kulimlazimu aende kinyumenyume, taratibu, asije akayavunja magoti yake. Mitaani watu walimcheka, hata akaacha kwenda mahali penye watu wengi. Nilipoyasoma hayo nilinyamaza kwa muda mrefu.

Katika Agosti 1862 masikio yake yalianza kuziba. Tabibu wa masikio aliyemwendea kwanza hakumsaidia, kisha akaenda zake likizoni. Banting akamwendea mwingine, jina lake Dakta William Harvey. Huyu Harvey mwaka 1856 alikuwa Paris, akasikiliza mafundisho ya mtaalamu Claude Bernard juu ya ini na ugonjwa wa sukari. Akawaza hivi: kama sukari na wanga ndivyo vinavyowadhuru wenye ugonjwa huo, na kama wafugaji huwanenepesha wanyama wao kwa vyakula vya namna hiyo, basi huenda mtu mnene naye akapungua akiviacha. Aliamini pia ya kuwa masikio ya Banting yamebanwa na mafuta ya mwili.

Basi akampa sheria. Vitu vya kuacha vilikuwa mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Asubuhi ale wakia 4 au 5 za nyama ya ng'ombe au kondoo au samaki, chai isiyo na maziwa wala sukari, na kipande kidogo cha mkate mkavu. Mchana wakia 5 au 6 za samaki au nyama, mboga yo yote isipokuwa viazi, na wakia moja ya mkate mkavu. Alasiri matunda kidogo na chai. Usiku wakia 3 au 4 za nyama au samaki. Nyama ya nguruwe alikatazwa. Mvinyo mwepesi aliruhusiwa, lakini bia na mvinyo mtamu hapana. Wakia ni kipimo kidogo: ratili moja ina wakia 16.

Banting alishika sheria hizo kama alivyoshika utaratibu wa mazishi ya wafalme. Alianza tarehe 26 Agosti 1862, na kila alipojipima aliandika tarehe na uzito. Mwezi wa Desemba alikuwa na ratili 184. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata alikuwa na ratili 167. Kufika Septemba 1863 alikuwa na ratili 156. Yaani alipungua ratili 46 kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo, na kiuno kikapungua inchi 12 na robo. Angalieni hesabu hiyo vizuri: haifiki hata ratili moja kwa juma. Masikio yalifunguka, kamba za viatu akazifunga mwenyewe, na ngazi akazishuka uso mbele kama watu wengine.

Sasa alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kukonda kwake. Mwaka 1863 aliandika kijitabu kuwaeleza wenzake, akakipiga chapa kwa fedha zake mwenyewe na kukitoa bure. Watu wakakigombania. Ikawa lazima kukipiga chapa tena na tena na kukiuza, na faida akaigawa katika mambo ya sadaka. Matabibu wengi walimdhihaki: wengine walisema hakuna jipya ndani yake, wengine kwamba mtengeneza majeneza hana haki ya kufundisha utabibu. Yeye hakujidai kuwa tabibu. Alieleza yaliyompata na kumpa sifa yake Dakta Harvey. Jina lake likageuka kuwa neno la Kiingereza la kujizuia kula, na mpaka leo katika lugha ya Sweden neno la kazi hiyo ni banta. Alikufa mwaka 1878, mwenye umri wa miaka 81.

Wakati huo huo, huku kwetu mambo yalikuwa kinyume. Mwishoni mwa mwaka 1861 mpelelezi Speke alifika Karagwe, nchi ya Mfalme Rumanyika, ambayo leo imo kaskazini-magharibi ya Tanzania. Huko wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mfululizo mpaka wakashindwa kusimama, kwa kuwa unene wao ulikuwa heshima ya waume zao. Speke alimpima mmoja wao kwa utepe, akakuta unene wa mkono wake ni futi 1 na inchi 11. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona mahali mto Nile unapotoka ziwani. Hazikupita hata siku thelathini Banting akaanza sheria zake London, na miongoni mwa vitu alivyokatazwa ni maziwa yale yale. Kwa hiyo mwenzangu, sifa za watu si mizani. Penye mmoja unene ni fahari, penye mwingine ni kichekesho, lakini magoti huhesabu ratili namna moja kila mahali.

Hapa kijana wangu aliniuliza swali zuri. Ikiwa wanga ndio adui, mbona baba yetu mdogo alikula bundu la muhogo maisha yake yote na hakunenepa? Jibu nalipata katika kazi ya Dakta Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na kufanya kazi Uganda, katika hospitali ya Mulago, tangu mwaka 1935 hata karibu na uhuru. Katika miaka ile aliona watu wanaoshiba ndizi, viazi, maharagwe na mboga, na wenye unene au ugonjwa wa sukari walikuwa wachache sana. Mwaka 1956 aliandika habari za Mwafrika mmoja wa Afrika Mashariki aliyeugua kwa kuziba mishipa ya moyo, jambo la ajabu siku zile. Baadaye yeye na Dakta Burkitt, aliyekuwa Mulago pia, walifundisha dunia nzima faida ya nyuzinyuzi zilizomo katika vyakula visivyokobolewa.

Je, Banting na Trowell wanapingana? Nionavyo mimi, si sana. Wote wawili wangeiondoa mezani pangu soda, sukari vijiko vinne katika chai, chapati za unga mweupe na bia za jioni. Tena baba yangu mdogo hakula bundu akaketi dukani. Alilila akapanda mlima, akalima kahawa, akashuka sokoni kwa miguu. Chakula chake kilikuwa na kazi ya kufanya. Changu kilikuwa hakina kazi, kikakaa tumboni.

Nikaenda kwa daktari Kasese, akanipima damu na kuniandikia sheria zangu. Chai bila sukari. Soda marufuku. Bundu lisizidi ngumi yangu moja, lakini sombe na maharagwe nisihesabu. Samaki wa kuchemsha badala ya nyama ya kukaanga. Nisile baada ya saa mbili usiku. Kila asubuhi nitembee muda wa saa moja. Nikanunua daftari, nikaandika tarehe na uzito kama Banting.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Majuma mawili ya kwanza niliota chapati. Mama yangu alilia, akidhani nina ugonjwa ninaouficha. Wateja waliuliza kama biashara imeanguka. Krismasi nilizivunja sheria zote kwa siku tatu, na daftari likanisuta kwa kilo mbili. Lakini nilikumbuka mzee yule aliyeanza akikaribia miaka 66, nikaanza tena. Baada ya miezi kumi na mitatu nilikuwa na kilo 91.

Nawaonya wadogo zangu: msiige sheria za mtu mwingine kwa kuzisoma tu. Mwili wa kijana bado unajengwa, wahitaji chakula. Na mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za sukari, anaweza kudhurika akibadili chakula ghafula, basi aende kwanza kwa daktari. Hata nyama nyingi na mvinyo wa Banting daktari wangu hakuviafiki. Ninachowaomba muige ni mambo matatu: kuandika ukweli daftarini, kuvumilia mwendo wa pole pole, na kutoona haya kuwaeleza wenzenu.

Mwaka huu tulikutana tena juu mlimani kumkumbuka marehemu. Nilipanda na vijana, nikapumzika mara mbili tu. Nikachukua udongo konzi moja, nikauweka juu ya kaburi, nikamwomba radhi baba yangu kwa kuchelewa. Kisha nikashuka uso mbele, nikiiona Bwera yote chini yangu. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa hapa shuleni. Nami naongeza kwamba haba na haba hukipunguza pia.

Mimi mwanafunzi wenu wa zamani,
Bwera.