Krapf na Shule ya Makosa

Kijana mmoja wa mtaa wetu wa Kabiria alianguka mtihani, akahitimisha kwamba Mungu amemwacha. Nilimsimulia habari za Johann Ludwig Krapf.

Mmisionari huyo Mjerumani alifika Mombasa mwaka 1844, akiamini kwamba Waoromo ndio ufunguo wa kuieneza Injili barani. Mwezi Julai akamzika mkewe, Rosine, na binti yao mchanga. Utume kwa Waoromo haukutimia. Ilimbidi ajifunze kuanza na watu aliokuwa kati yao. Mwaka 1846 akapiga kambi Rabai pamoja na Johannes Rebmann, akaketi na wenyeji na kuwasikiliza. Aliyebatizwa wa kwanza hakuwa mtawala, bali Mringe, kiwete. Kamusi ya Kiswahili, tunda la usikivu huo, ilichapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Sisi wanaisimu tungali tukiirejea.

Walimu wenzangu, imani ya Krapf haikukomaa kwa kutokosea, bali kwa kukubali kuongozwa upya. Mtoto aliyekosea tusimfundishe kuliogopa kosa lake, tumfundishe kulisoma.