Robert Bosch: Fundi mrejea aliyeipa injini cheche

PIKIPIKI ikigoma kuwaka huko Mella saa kumi na moja alfajiri, mzigo wa mahindi ukiwa umeshafungwa nyuma, mwenye mali hana nafasi ya kuifikiria Ujerumani. Anafikiria soko la Busia litakavyochangamka bila yeye. Hata hivyo ile cheche ndogo iliyomsaliti, inayoruka kwenye ncha ya plagi, ina historia yake, na ndani ya historia hiyo yumo mtu ambaye maisha yake yanawahusu watu wa mpakani kuliko wanavyodhani. Mtu huyo ni Robert Bosch.

Alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, akiwa mtoto wa 11 kati ya 12. Wazazi wake walilima na pia waliendesha nyumba ya wageni. Mwaka 1876 alipelekwa Ulm kujifunza ufundi wa vyombo vidogo vya chuma. Bahati mbaya bwana aliyemfunza hakumjali sana. Jambo hilo halikumtoka moyoni, kwani mwaka 1913, akiwa tajiri, alianzisha kiwandani mwake karakana maalumu ya kuwafunza vijana. Mimi ni mwalimu, na katika maisha yake yote hicho ndicho kipande ninachokipenda zaidi.

Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York akafanya kazi katika karakana za Thomas Edison, kisha akaenda Uingereza kwenye kampuni ya Siemens Brothers. Hatimaye alirudi kwao. Novemba 15, 1886 alifungua karakana ndogo mjini Stuttgart kwa mtaji wa maki 10,000, akiwa na fundi mmoja na kijana mmoja wa kutumwa. Sisi tuliosomea uhamishoni tukarudi na vyeti vya nchi za watu tunaijua hesabu hiyo: ujuzi upo, mteja hayupo. Bosch alifunga simu na kengele za umeme, akatengeneza chochote alicholetewa, na akawafuata wateja wake kwa baiskeli. Msomaji wa Busia, mji ambako baiskeli za kuvusha watu mpakani zilizaa jina la boda boda, hahitaji kuelezwa baiskeli inavyoweza kuinua biashara. Pamoja na juhudi hizo, miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, na kuna wakati alilazimika kuwaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote.

Kilichomwokoa ni kifaa kiitwacho magneto. Mwaka 1887 mteja mmoja alimwomba amtengenezee kifaa cha kuwashia injini ya kusimama mahali pamoja, na Bosch akaunda chake kwa kuboresha kilichokuwepo. Siri yenyewe ni nyepesi. Sumaku na koili ya waya wa shaba, kimoja kikisogea mbele ya mwenziwe, huzalisha umeme. Injini ikizungushwa hujitengenezea cheche yake bila kutegemea betri.

Mwaka 1897 akaletewa kazi ngumu zaidi: kukifunga kifaa hicho kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton kutoka Ufaransa, mali ya mfanyabiashara Frederick Simms. Injini hiyo ilizunguka mara 1,800 kwa dakika, na kifaa cha zamani hakikuweza kuikimbilia. Msimamizi wa karakana, Arnold Zähringer, ndiye aliyepata dawa. Aliacha sehemu nzito ikiwa imetulia na kuchezesha bomba jepesi la chuma tu. Miaka michache baadaye, mwaka 1902, mhandisi Gottlob Honold alikamilisha magneto ya volti nyingi pamoja na plagi yake. Nawataja watu hao makusudi, maana sifa zote humwendea mwenye jina mlangoni.

Sasa ndugu mwenye pikipiki, au mwenye ile ya magurudumu manne kama zinazowatembeza watalii Jinja, uone jinsi kazi ya mabwana hao inavyoweza kukuokoa njiani. Kabla ya kumwita fundi, tazama swichi ya kuzimia, kwani wengi hupiga kiki hadi mguu ukafa ganzi na kumbe swichi imezimwa. Kisha fungua plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isafishe. Irudishe kwenye kofia yake, uegemeze chuma chake kwenye injini, mbali na tundu la plagi na petroli yoyote, umwambie mwenzako apige kiki. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo kabisa, jaribu plagi nyingine unayoiamini, kisha kofia, kisha waya unaokwenda kwenye koili.

Hapa ndipo wengi hutapeliwa. Katika injini nyingi zinazotumia cheche ya magneto, swichi ya kuzimia huua cheche kwa kuupeleka umeme kwenye chuma. Waya wake ukichunika chini ya tangi ukagusa fremu, injini inakufa ingawa kila kitu ni kizima. Chomoa waya huo kwa muda ujaribu tena. Cheche ikirudi, dawa ni utepe wa kufungia waya, si koili mpya. Ujue pia kama chombo chako hupata cheche moja kwa moja kutoka kwenye magneto au kwenye betri. Cha kwanza kitawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, cha pili hakitawaka. Ukikosa kujua hilo utanunua betri bure.

Tumrudie Bosch. Mwaka 1906, alipotoa magneto yake ya 100,000, alipunguza kazi kiwandani kuwa saa nane kwa siku, jambo geni Ujerumani wakati huo. Matajiri wenzake walimwita Bosch Mwekundu. Yeye alishikilia kwamba afadhali apoteze fedha kuliko kupoteza imani ya mnunuzi, na kwa wauzaji wa plagi bandia tunaokutana nao pande zote mbili za mpaka, msimamo huo ungekuwa kichekesho. Kufikia 1913 sehemu kubwa sana ya mauzo yake ilikuwa nje ya Ujerumani. Vita vya mwaka uliofuata vilimpokonya masoko hayo, na kampuni yake ya Marekani ikatwaliwa na serikali ya huko. Alianza upya, na kuanzia 1927 akauza pampu za kusukuma dizeli.

Uzee wake ulikuwa na giza. Chini ya Hitler kiwanda kilitengeneza vifaa vya vita na kuwatumikisha watu kwa lazima, wakati huohuo Bosch akisaidia kuwanusuru Wayahudi na kumwajiri Carl Goerdeler, mpinzani wa Hitler aliyeuawa mwaka 1945. Mambo yote mawili ni kweli, na moja halilifuti jingine. Alifariki Stuttgart Machi 12, 1942, na watawala aliowachukia wakamfanyia mazishi ya kitaifa. Leo karibu asilimia 94 ya hisa za kampuni ni mali ya wakfu wenye jina lake.

Ukipata boksi la plagi au pampu ya kampuni hiyo dukani, tazama alama yake. Ule mchoro ulio ndani ya duara ni kiini cha magneto kilichokatwa upande, na aliyeuchora mwaka 1918 ni yuleyule Honold.