Shaaban Robert na ndugu waliogeuzwa manyani

Msikilizaji wetu, mpunga ukishavunwa hapa Bonde la Kilombero, kesi za ndugu nazo huanza. Baba amefariki, shamba ni moja, watoto ni watatu. Hapa Ifakara tunasikia kila mwaka swali lile lile: ndugu aliyekudhulumu, je, apokewe tena nyumbani? Leo tunamkumbuka mtu aliyelijibu kwa hadithi ya kutisha.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Mkewe, Amina, alifariki, akabaki na watoto wa kulea. Huku akifanya kazi ya ofisi, aliandika mashairi, insha na hadithi.

Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake Adili na Nduguze. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Wanatapanya urithi wao, naye anawasaidia tena na tena. Safarini wanafika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na humo Adili anampata Mwelekevu. Ndugu wanaingiwa na husuda, wanamtupa baharini. Huria, jini aliyewahi kuokolewa na Adili, anamtoa majini, na anataka kuwaua wale wawili. Adili anawaombea. Basi wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku. Anawachapa huku akilia, kisha anawalisha vizuri.

Ulaya nako kuna hadithi za aina hii, zenye giza, laana na viumbe vya kutisha. Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818, ni mojawapo. Kiumbe wa humo anakataliwa na kila mtu, hata aliyemuumba, na mwisho ni maangamizi. Shaaban Robert hakuishia hapo. Siri ya Adili inapofika kwa Mfalme Rai, mfalme anaingilia kati, na Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinadamu wao.

Tunachojifunza ni kwamba Adili hakujifanya hakutendewa ubaya. Adhabu ilikuwepo, nayo ilimuumiza hata yeye mwenye kiboko. Lakini adhabu hiyo ilikuwa na mwisho, na walipotubu walipokewa kama ndugu.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Vitabu vyake bado vinasomwa shuleni. Mwenye mtoto anayesoma, muazime hicho kimoja kabla hamjakaa kikao cha shamba.