Beryl Markham: Rubani wa Njoro aliyevuka Atlantiki kwa ndege ya kuazima

Mwezi Septemba mwaka 1936, Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro katika Bonde la Ufa nchini Kenya, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege, peke yake, kutoka mashariki kwenda magharibi. Ushujaa wake umesimuliwa mara nyingi. Hesabu iliyoitangulia safari hiyo haijasimuliwa sana: ndege haikuwa mali yake, muda aliopewa ulikuwa na kikomo, na kila galoni ya mafuta iliyopakiwa ililazimu kitu kingine kiachwe.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902, katika kijiji cha Ashwell nchini Uingereza, akaletwa Afrika Mashariki angali mtoto mdogo. Mama yake hakuyaweza maisha ya shambani, akarejea kwao. Beryl akabaki na baba yake, Charles Clutterbuck, aliyelima, kusaga nafaka na kufuga farasi. Alikua pamoja na watoto wa Kinandi, akajifunza Kiswahili, na akazoea kuwinda kwa mkuki kabla hajazoea dawati la shule.

Somo la kwanza la fedha alilipata nyumbani. Kwa mujibu wa kitabu chake cha kumbukumbu, baba yake alikuwa amejifunga kwa mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Ukame ulipokuja, bei ya nafaka ikapanda kuliko bei ya unga aliyoiahidi. Mzee huyo akachagua kuitimiza ahadi, na shamba likaangamia. Akaenda Peru kutafuta riziki miongoni mwa farasi. Binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka 18 hivi, akabaki Kenya na kupata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, wa kwanza miongoni mwa wanawake nchini humo. Mwaka 1926, farasi wake aitwaye Wise Child alishinda mbio kubwa za St Leger jijini Nairobi.

Urubani alifundishwa na Tom Campbell Black, aliyekuwa miongoni mwa marubani hodari wa Nairobi wakati huo. Mwaka 1932 alisafiri peke yake kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian kutoka Kenya hadi Uingereza, akituana na kujaza mafuta njiani. Mwaka uliofuata alipata leseni ya urubani wa biashara, tena akiwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya. Tangu hapo ndege ikawa jembe lake. Alibeba barua, abiria na dawa, akapeleka mahitaji kwenye machimbo ya dhahabu, na akawatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Katika nyika isiyo na viwanja wala vituo vya mafuta, rubani aliyekosea hesabu ya galoni chache aliweza kulipa kwa uhai wake.

Fursa ya Atlantiki ilitoka kwa John Carberry, tajiri aliyeishi karibu na Nyeri na ambaye mwenyewe alikuwa rubani. Carberry alikuwa amemwagiza fundi Edgar Percival, huko Gravesend nchini Uingereza, amtengenezee ndege aina ya Vega Gull kwa ajili ya mashindano ya kutoka Portsmouth hadi Johannesburg mwishoni mwa Septemba 1936. Alikubali kumwazima Beryl ndege hiyo avuke nayo bahari, kwa sharti kwamba irudi kabla ya mashindano. Mmoja alihatarisha mali, mwingine alihatarisha maisha.

Ugumu wa njia hiyo ulikuwa upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo huvuma zaidi kutoka magharibi. Charles Lindbergh mwaka 1927 na Amelia Earhart mwaka 1932 walisafiri kuelekea mashariki, wakisukumwa nao. Anayekwenda magharibi hupambana nao usiku kucha, na mafuta yaleyale humfikisha umbali mfupi zaidi. Vega Gull ilikuwa ndege ya watu wanne yenye injini moja ya nguvu za farasi 200. Ili kuifikisha New York, viti viliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na matangi. Redio haikuwekwa. Uzito wa mafuta ulidai njia ndefu ya kurukia, ndiyo maana ikaombwa ruhusa ya kutumia uwanja wa jeshi la anga wa Abingdon.

Matangi ya ziada hayakuwa na kipimo. Rubani alipaswa kungoja tangi moja likauke kabisa, injini izime, kisha afungue koki ya tangi lingine na kutumaini kwamba injini itawaka tena kabla ndege haijagusa maji. Siku za kungoja hali nzuri ya hewa zilipita, na tarehe ya mashindano ikakaribia. Jioni ya Septemba 4, ingawa taarifa za hali ya hewa hazikutia moyo, Beryl aliruka.

Baada ya saa 21 hivi angani, mara nyingi katika mvua na giza, injini ilianza kukatika karibu na pwani ya Kanada. Mafuta yalikuwa bado yamo ndani ya tangi la mwisho, ila barafu ilizuia yasifike kwenye injini. Alitua katika kinamasi huko Baleine, kisiwani Cape Breton, ndege ikachimba pua matopeni, naye akatoka na jeraha la kichwa. New York ilimpokea kwa shangwe, lakini hakufika huko kwa ndege aliyoondoka nayo.

Ankara ilifika upesi. Ndege iliyoharibika haikuweza kushiriki mashindano. Septemba 19, mwalimu wake Campbell Black, aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano hayohayo, aliuawa Liverpool ndege yake ilipogongwa ikiwa ardhini. Kwa maelezo ya Beryl mwenyewe, Carberry baadaye aliiuza Vega Gull, nayo ikaishia kuoza katika mvua na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam.

Kitabu chake, West with the Night, kilichapishwa mwaka 1942, kikasifiwa, kisha kikasahaulika. Hata leo wapo wanaobishana ni kiasi gani mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alishiriki kukiandika. Beryl alirejea Kenya na farasi wake wakashinda tena. Uzeeni aliishi kwa shida katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi. Mwaka 1983 kitabu kilichapishwa upya nchini Marekani, na mapato yake yakampunguzia dhiki katika miaka yake ya mwisho. Alifariki dunia jijini Nairobi Agosti 3, 1986. Safari iliyompa jina haikumpa mali. Kilichomsaidia uzeeni kilikuwa simulizi yake.