Fridtjof Nansen na Njia ya Upepo

Fridtjof Nansen alizaliwa Norway mwaka 1861. Mwaka 1893 yeye na wenzake 12 waliiacha merikebu yao, Fram, ikamatwe na barafu ya kaskazini kwa makusudi, ichukuliwe nayo. Mabingwa wengi wa safari walisema huko ni kujitafutia mauti. Lakini mwaka 1896 wote 13 walirudi salama.

Huko Nansen aliona ajabu. Barafu haikufuata upepo sawasawa, bali ilikwenda upande wa kulia. Akafahamu kwamba sababu ni kuzunguka kwa dunia. Kijana Mswidi, Vagn Walfrid Ekman, alilithibitisha jambo hilo kwa hesabu.

Jambo hili latuhusu. Pepo za kusi zivumapo kandokando ya pwani ya Somalia, maji ya juu husukumwa kulia, mbali na nchi kavu. Maji baridi ya chini hupanda yakiwa na mbolea ya bahari. Vijimea vya planktoni husitawi, na samaki hupata chakula.

Nansen alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1922 kwa kuwasaidia wakimbizi, akafariki mwaka 1930. Wanafunzi wenzangu, tusidharau dogo tuonalo.