Aliyeandika Tom Jones aliacha chuo, akafungiwa jukwaa, kisha akawa hakimu

Ukipanda ngazi za ploti yetu hapa Pipeline hadi orofa ya sita, jua hulioni tena mpaka utoke nje. Saa nane mchana unawasha taa. Sasa wiki jana stima ilipotea jioni nzima, tukabaki watu watatu na laptopu ya jirani yenye chaji nusu, na ndani yake kulikuwa na Tom Jones, ile drama ya ITV ya 2023. Sehemu nne tu. Mavazi marefu, wigi, farasi, na kijana mzuri wa sura anayelala kila kitanda isipokuwa chake. Jirani akauliza ni nani alikaa chini akaandika mambo kama haya. Nikamwambia ni hakimu. Hakuniamini, na wewe pia najua huniamini, kwa hivyo tulia nikupe stori.

Jina lake Henry Fielding. Alizaliwa Aprili 1707 huko Somerset, Uingereza, kwa familia yenye jina kubwa na mfuko mwepesi. Mama alifariki Henry akiwa mtoto, baba, afisa wa jeshi, akaoa tena, na nyanya akampeleka huyo baba kortini wakigombania watoto. Alisomea Eton, shule ya watoto wa wadosi. Akiwa na miaka kumi na minane alijaribu kumtorosha msichana tajiri mjini Lyme Regis. Mpango ukaanguka, yeye akahepa. Unaanza kuona Tom alitoka wapi, sivyo?

1728 akajiunga na chuo cha Leiden, Uholanzi. Mwaka uliofuata pesa ikakatika, akaacha. Mimi pia nilitoka chuo mwaka wa pili sababu ya karo, na hakuna mkutano wa ukoo nitahudhuria bila mjomba fulani kuniuliza narudi lini. Fielding hakurudi darasani. Alirudi London akawa mwandishi wa michezo ya kuigiza.

Na aliandika kama mtu anayedaiwa rent ya miezi mitatu. Michezo zaidi ya 20 katika miaka isiyofika kumi. Mingi ilikuwa vichekesho vya kuwaumbua wakubwa, hasa Robert Walpole, waziri mkuu ambaye serikali yake ilinuka rushwa. Watu walijaa kwenye ukumbi mdogo wa Haymarket kumcheka. Walpole akachoka. Juni 1737 Bunge likapitisha sheria kwamba mchezo wowote mpya lazima kwanza usomwe na kuidhinishwa na afisa wa nyumba ya mfalme. Fielding alikuwa na miaka 30, na kazi yake ikaisha hivyo tu. Ukaguzi huo haukuondolewa Uingereza hadi 1968.

Kama unaona hiyo ni historia ya wazungu, ngoja. Sheria yetu ya filamu na michezo ya jukwaani ni ya 1962, wakati mkoloni alikuwa bado hajafunga mizigo. 1977 serikali ilizima Ngaahika Ndeenda kule Kamirithu, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na Echoes of War, wakapokewa na vitoa machozi. Wasichana wa shule, bana.

Fielding alifungiwa jukwaa akiwa na mke, Charlotte, na watoto. Akaenda kusomea sheria, akawa wakili 1740. Lakini kesi hazikuja kwa wingi, na mwili ukaanza kumsaliti: jongo, ule ugonjwa wa kufura viungo. Akarudi kwa kalamu, sasa riwaya, kwa sababu riwaya haikuhitaji kibali cha mtu. Shamela 1741, Joseph Andrews mwaka uliofuata. Charlotte alifariki 1744, na ukitaka kujua alikuwa mtu wa aina gani, mwangalie Sophia, yule msichana Tom anamfuata kitabu kizima. Fielding alimchora kutoka kwa mkewe. (Kwenye drama ya 2023 Sophia ni mweusi, amezaliwa Jamaica. Kuna watu wataguna. Mimi nilipenda.)

1747 akamwoa Mary Daniel, aliyekuwa kijakazi wa Charlotte. Alikuwa tayari na mimba yake. Wenye vyeo London walimcheka, na wengi wa aina yake wangemkana huyo dada wakamtumia nauli ya kurudi kwao. Yeye alimwoa.

Tom Jones ikatoka Februari 1749. Juzuu sita za hadithi ya mtoto aliyeokotwa kitandani mwa bwanyenye, akalelewa, akafukuzwa, akazunguka barabara na vitanda vya Uingereza hadi London. Mchapishaji alimlipa pauni 600, kisha akaongeza 100 kitabu kilipouzika. Nakala kama 10,000 zilichapwa mwaka huo mmoja. Wazee wa maadili walipiga kelele vile Tanzania ilivyokuja kupiga marufuku vitabu vya David Maillu miaka ya 1970, na matokeo yalikuwa yale yale: watu walisoma zaidi.

Raha yake kubwa si ngono hata. Fielding haachi stori iende peke yake. Anaingia katikati, anakupigia gumzo, anamchongoa mhusika, anakuuliza wewe ungefanya nini. Kama uliwahi kukaa kwenye kibanda cha video DJ Afro akitafsiri muvi ya Wachina, basi unamjua Fielding tayari. BBC walipoifanya 1997 waliweka kabisa mwigizaji wa kuwa Fielding, anatembea ndani ya tukio akikuongelesha.

Sasa uhakimu. Alipewa kiti mwishoni mwa 1748, korti ikiwa Bow Street, nyumbani kwake. Mahakimu wa wakati huo walikula kutoka kwa ada za maskini waliogombana. Yeye alipatanisha watu badala ya kuwatoza, na mapato ya ofisi yakashuka kutoka pauni 500 hivi kwa mwaka hadi 300. Akakusanya watu kama sita wa kukamata wezi, kikosi kilichokuja kuitwa Bow Street Runners, polisi kabla ya London kuwa na polisi.

Hapa ndipo ananichanganya. Julai 1749 mabaharia walivunja madanguro mtaa wa Strand, na kijana mtengeneza wigi, Bosavern Penlez, akashikwa na furushi la nguo. Fielding akamtia ndani. Watu wengi walimwombea msamaha, lakini Oktoba akanyongwa, na Fielding akaandika kijitabu kizima kutetea hatua hiyo. Huyu ndiye alimsamehe Tom kila kitu kwa kurasa mia nyingi. Wewe uliyekimbizwa barabarani Juni 2024 niambie unamwekaje. Jirani yangu alisema ashuke thamani. Mimi bado nimekwama katikati.

Kufikia 1754 tumbo lilikuwa limejaa maji na hakuweza kutembea. Alimwachia korti ndugu yake wa baba mmoja, John, aliyekuwa kipofu, akabebwa hadi kwenye meli ya Lisbon kutafuta hewa ya joto. Njiani aliendelea kuandika, akimcheka nahodha, upepo, na mwili wake mwenyewe. Alifariki Oktoba 8, miaka 47, akazikwa huko huko kwenye makaburi ya Waingereza. Shajara ya safari hiyo ilichapishwa mwaka uliofuata, wakati Mary alikuwa mjane mwenye watoto wa kulisha.

Chaji iliisha sehemu ya tatu, Tom akiwa jela.