Bibi Caroline Thackeray wa Mbweni



Tunaposimulia habari za Kanisa letu huku kusini, mara nyingi huanza na maaskofu na mapadre. Twamtaja Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1876 alishuka bandari ya Lindi pamoja na kundi la watu waliotolewa utumwani, akaenda nao bara hata Masasi. Twamtaja Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ya UMCA kupewa daraja ya upadre, mwaka 1890. Ni haki kuwataja. Lakini walimu na mapadre wale wa kwanza walikuwa na wake, na wengi wa wake hao walilelewa mahali pamoja, Mbweni katika kisiwa cha Unguja, mikononi mwa mwanamke mmoja. Leo napenda tumkumbuke yeye.

Caroline Thackeray alikuwa Mwingereza, wa ukoo mmoja na yule mwandishi maarufu wa hadithi, William Makepeace Thackeray. Alifika Unguja mwaka 1877. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa miaka minne tu nyuma, mwaka 1873, kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza. Hata hivyo kufungwa kwa soko hakukuimaliza biashara. Majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zilipoyakamata, watu waliokuwamo walipelekwa Unguja. Baadhi yao walikabidhiwa misheni. Wavulana waliwekwa Kiungani, na wasichana Mbweni, katika shamba lililonunuliwa na Askofu Tozer mwaka 1871.

Sisi wa Mitole na Kilwa nzima tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilimalizikia Kilwa Kivinje. Watoto wengi wa Kiyao, Kinyasa na Kimakua waliofika Unguja walikuwa wamepita katika nchi yetu hii, wakiongozwa na watu wasiowajua. Mtoto wa namna hiyo alipofika Mbweni huenda hakujua kijiji chao kiko upande gani, wala mama yake kama yu hai. Hakuwa na shangazi wala bibi. Nasi twajua ya kuwa mtu asiye na ndugu ni maskini kuliko asiye na mali. Nani atamwuguza? Nani atasimama katika arusi yake? Nani atamzika?

Kazi ya Bibi Thackeray ilikuwa kujibu maswali hayo kila siku, kwa mikono yake. Aliongoza shule ya wasichana tangu alipofika hata mwaka 1902, yaani miaka ishirini na mitano. Wamisionari wa UMCA hawakulipwa mshahara, walipewa matumizi tu. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na mafundisho ya dini, tena kushona, kupika na kufua. Walioendelea vizuri walifundishwa ualimu, wakawa wanafundisha wadogo zao. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twajua kazi ilivyo kufundisha darasa moja la watoto waliotoka katika nyumba zenye baba na mama. Yeye alifundisha watoto waliofika na hofu, wenye lugha mbalimbali, na wengine wagonjwa.

Si vema kuficha kwamba malezi yale yalikuwa na ukali. Wasichana walioonekana wazito wa masomo walitengwa upande wa kazi za mikono. Hata katika habari ya ndoa wakubwa wa misheni walikuwa na sauti kubwa, nao walipenda wasichana wa Mbweni waolewe na vijana wa Kiungani. Leo mwalimu akifanya hivyo tutamwuliza maswali. Lakini kwa njia hiyo nyumba nyingi za Kikristo zilianzishwa, na nyingi zikahamia kwetu.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Lucy Magombeani, mwalimu wa Mbweni, aliyeolewa na Cecil Majaliwa. Mumewe alipotumwa Chitangali, naye alikwenda. Tufikiri safari hiyo ilikuwa nini kwa watu waliookolewa utumwani: kuvuka bahari, kushuka pwani, kisha kwenda bara kwa miguu, kurudi katika nchi ile ile walikotolewa kwa nguvu. Wala usalama haukuwapo. Mwaka 1882 Wamagwangwara walishambulia misheni ya Masasi, na baadhi ya watu waliokwisha kuwekwa huru mara moja wakachukuliwa mateka tena. Pamoja na hayo wanawake wa Mbweni waliendelea kuja. Jembe, kinu na mtungi viliwangoja kama vinavyomngoja kila mama wa huku, na juu ya hayo wakafundisha wasichana na kuwaandaa kwa ubatizo. Majina yao katika vitabu ni machache mno.

Turudi Mbweni. Homa iliwaua wamisionari wengi wa siku zile, na wengine walirudi kwao baada ya miaka michache. Bibi Thackeray alipoacha uongozi wa shule mwaka 1902, hapakuwa na mtu ambaye angemlaumu kama naye angerudi Uingereza kupumzika. Alibaki. Aliishi pale pale Mbweni, karibu na wale aliowalea, akiwaona wakizaa na kulea. Alifariki mwaka 1926, akazikwa Mbweni, penye Kanisa la Mtakatifu Yohana. Kutoka kufika kwake hata kufa ni miaka arobaini na tisa. Shule ile leo ni magofu, kuta zisizo na paa.

Zamani neno bibi lilikuwa la heshima kwa mwanamke ye yote mwenye cheo. Sisi leo twalitumia zaidi kwa mama wa mzazi. Kwake yeye maana zote mbili zilitimia. Hakuzaa, na watoto wale hawakuwa na mzazi, lakini kwa kukaa nao muda mrefu hivi akawa ndugu yao.

Ndugu zangu, katika kila nyumba ya mtaa wetu yuko au alikuwako mama au bibi aliyelea watoto wasio wake, aliyefagia kanisa, aliyekesha na wagonjwa, na jina lake halikuandikwa po pote. Tarehe 2 Novemba, tuwakumbukapo marehemu wote, majina ya waliolala husomwa kanisani. Waulizeni wazee wenu mapema, andikeni majina ya mabibi hao kwa ukamilifu, mkampe padre. Wazee wanaoyajua wanazidi kupungua.